Mrejesho: zulia nililotaka kulichora maua

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza namna ya kuchora nakshi kwenye zulia la pamba lisilo na ua lolote, futi 5 kwa 7. Kazi imekwisha, asanteni sana.

Aliyeniambia nigonge rangi kwa sponji badala ya kupaka kwa brashi, Mungu akubariki. Sponji iwe karibu kavu, unagonga, huburuzi. Mistari ya pembeni niliizuia kwa tepu ya karatasi, ikatoka imenyooka.

Palipoharibika: umbo la ua, lenye uwazi wa kugongea rangi, nilikata kwenye karatasi ya manila. Baada ya maua kumi hivi ililowa, rangi ikapenya chini, ikavuja kwenye pembe moja ya zulia. Nikakata jingine kwenye jalada la plastiki la faili, shida ikaisha. Pia nilikaidi ushauri wa kununua rangi ya kitambaa, nikatumia ya maji iliyobaki baada ya kupaka ukuta. Imekakamaa, ukikanyaga peku inakwaruza. Kulisugua kwa brashi ngumu kumelilainisha kidogo tu.

Kulifua bado sijathubutu. Ile pembe iliyovuja nimeisukuma chini ya kochi, hata mama mkwe hajaiona.