Mjadala: Taifodi Dar es Salaam, tusome jenomu au kwanza tuoteshe damu?

Mleta mada, Kapilari:

Wakuu, heshima mbele.

Kila masika yakikaribia hoja hii inarudi: mashine za kusoma jenomu, yaani vinasaba vyote vya kiumbe, zipo nchini, nyingine ndogo za kutosha kiganjani, kwa nini zisitumike kunasa milipuko ya taifodi hapa Dar mapema? Unachukua bakteria kutoka kwa wagonjwa wa Kigogo, Buguruni na Mbagala, unasoma vinasaba vyao herufi kwa herufi, vikifanana unajua chanzo ni kimoja, unakwenda kufunga kisima. Kwa maneno inapendeza. Mimi nasema tusianzie hapo, kwa sababu bakteria wenyewe wa kusoma hatuna.

Nenda na homa zahanati nyingi za mtaani, utapimwa Widal. Tone la seramu yako kwenye slaidi, tone la kitendanishi cha rangi juu yake, fundi anachanganya kwa kijiti, anatikisatikisa kwa dakika moja hivi, vikigandana chembechembe unaandikiwa 1:160, yaani una taifodi, na unaondoka na antibiotiki ya sipro. Kipimo hicho kina umri tangu 1896. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hizo zinaweza kuwa za taifodi ya mwaka juzi au za Salmonella nyingine, na hata malaria inaweza kukipotosha. Bakteria hajaonekana popote. Ili usome jenomu kwa uhakika unamtaka mwenyewe, ameoteshwa kutoka kwenye damu.

Kuotesha nako kuna masharti. Mtu mzima atolewe mililita 8 hadi 10 ziingie kwenye chupa yenye mchuzi wa kuoteshea, ikae kwenye joto la mwili kwa siku kadhaa. Ukifanya vizuri kabisa unawanasa kama 60 kati ya wagonjwa 100 wa kweli, na aliyeanza dawa za dukani jana ndiye rahisi kukuponyoka. Chupa hiyo utaikuta zahanati gani ya Manzese?

Tazameni majirani zetu Malawi. Hospitali ya Queen Elizabeth pale Blantyre inaotesha damu za wagonjwa wa homa tangu 1998. Hadi 2010 taifodi ilikuwa wastani wa wagonjwa 14 kwa mwaka. 2011 wakawa 67, 2012 wakawa 186, 2013 wakafika 843. Kujua kwamba kuna mlipuko hakukuhitaji jenomu, daftari la maabara lilitosha.

Karibuni, pingeni kwa hoja.

Binti Mabibo:

Kaka Kapilari, Blantyre umeisimulia nusu. Daftari lilisema wagonjwa wameongezeka, halikusema kwa nini. Jenomu ndiyo iliyoonyesha kwamba aliyeingia ni H58, ukoo wenye asili ya Asia, uliozoea kuzishinda dawa za ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli kwa pamoja. Kabla ya 2010 sugu wa namna hiyo pale Blantyre hawakufika asilimia 7. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 97. Na ukoo huohuo umeshaonekana Kenya na hapa kwetu. Malawi tangu 2023 wanachanja watoto wao dhidi ya taifodi.

Halafu kuna Hyderabad ya Pakistan, mwishoni mwa 2016. Wagonjwa wakaanza kudungwa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, bila kupona. Kusoma jenomu kulionyesha H58 imeokota plasmidi, yaani kipande cha DNA kinachohama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, na kipande hicho ndicho chenye silaha dhidi ya seftriaksoni. Inaelekea kilitoka kwa bakteria wa kawaida wa utumboni. Kwa vidonge ikabaki azithromaisini. Watu wanasafiri kati ya Karachi na Dar kila siku ya Mungu. Sasa niambie, akifika Kariakoo mgonjwa wa aina hiyo, Widal itasema nini?

Chapati Maji:

Itasema UTI na taifodi. Mimi nilikwenda na mguu ulioteguka nikaandikiwa hivyohivyo.

Nesi Mstaafu:

Wanangu, mnabishana juu ya mashine na mwizi mnamjua. Bakteria wa taifodi hakai kwa ng'ombe wala kuku, anakaa kwa binadamu tu. Kila mgonjwa amemeza kinyesi cha mtu mwingine, mniwie radhi mnaokula.

Mkae Kigogo au Tandale siku ya mvua kubwa mwone watu wanavyotapisha vyoo. Shimo limejaa, gari la majitaka haliingii kwenye kichochoro na likiingia bei yake haishikiki. Basi usiku, mvua ikishika kasi, mtu anatoboa ubavu wa choo, vyote vinaondoka na maji ya mvua kuelekea mto Msimbazi. Bondeni huko kuna matuta ya mchicha, na maji ya kumwagilia ni hayohayo. Asubuhi mchicha uko sokoni, umefungwa mafungu, unang'aa. Mchicha wenyewe tunaupika, lakini majani ya saladi na kotimiri tunakula mabichi.

Santiago, Chile, mwaka 1991 walishikwa na hofu ya kipindupindu, serikali ikazuia kumwagilia mboga kwa majitaka. Taifodi iliyokuwa imewasumbua miaka na miaka ikaporomoka. Jenomu ya kwanza ya bakteria huyu ilichapishwa 2001, miaka kumi baadaye.

Na msisahau wabebaji. Kati ya 100 waliougua, wawili hadi watano hubaki naye kwenye nyongo, wazima kabisa, wanapika na kuuza.

Pipeti:

Mama, shikamoo. Niongeze jambo ambalo wote mmelipita. Jenomu ya bakteria huyu ina herufi kama milioni 4.8, na kwa mwaka mzima hubadilika wastani wa chini ya herufi moja. Maana yake, mlipuko wa wiki sita Kigogo utakupa bakteria waliofanana hadi herufi ya mwisho, na huenda wakafanana pia na wa mgonjwa wa Temeke wa mwaka jana. Kisima hukioni hapo. Kinachowezekana ni kukanusha: wakitofautiana kwa herufi 40, usipoteze muda kutafuta chanzo kimoja. Kisima kinapatikana kwa kupita nyumba kwa nyumba ukiuliza watu walikunywa nini wiki mbili tatu zilizopita. Usugu na ukoo, hapo sawa, Binti Mabibo yuko sahihi. Ila neno "kunasa mlipuko" lina chumvi nyingi.

Mwenye Duka, Tandika:

Nawasoma tangu asubuhi. Mteja ana homa siku ya nne, mfukoni ana elfu tano, anataka sipro. Nimwambie asubiri chupa iote?

Pipeti:

Antibiotiki bila cheti cha daktari hairuhusiwi, mkuu.

Mwenye Duka, Tandika:

Cheti anacho. Kimetoka zahanati ya pale mbele.

Binti Mabibo:

Mama nimekuelewa, na vyoo sivipingi hata kidogo. Lakini bomba la majitaka litachukua miaka, na dawa zinaendelea kuishiwa nguvu wakati tunasubiri. Nasema hivi: tuchague Amana, Mwananyamala na Temeke. Kila mgonjwa mwenye homa ya siku tatu na zaidi aoteshewe damu kabla ya dozi ya kwanza. Bakteria wa taifodi watakaopatikana wahifadhiwe kwenye friza, na kila robo mwaka wasomwe kwa mkupuo mmoja. Hawatakuwa wengi kiasi cha kufilisi mtu. Akitokea mmoja tu anayeshinda seftriaksoni, hapo usisubiri robo mwaka, msome wiki hiyohiyo na mwongozo wa matibabu ubadilishwe.

Kapilari:

Dada, ukikubali chupa zitangulie basi ugomvi wetu umebaki kidogo sana, na hilo la kusoma kwa mkupuo naliunga mkono. Pipeti amenisaidia kuliko nilivyotegemea.

Ninachogomea sasa ni fedha. Miradi hii huja na mfadhili, na mfadhili akiondoka chupa zinaisha mwezi unaofuata, mashine inafunikwa kitambaa. Mgonjwa naye huwezi kumtoza, kwa sababu majibu yatatoka yeye akiwa ameshapewa dawa, na faida kubwa inakwenda kwa jiji zima. Kwa hiyo chupa iingie kwenye bajeti ya hospitali kama inavyoingia gesi na glavu. Kama humu yupo anayekaa kwenye vikao vya bajeti vya halmashauri, aje atuambie kama kifungu cha namna hiyo kimewahi hata kuombwa.