Adire ya nili ya kiwandani ni adire au siyo?

Mtungi: Adire ni kitambaa cha buluu chenye michoro cha Wayoruba wa Nigeria. Sasa kitambaa cha mji wao wa Abeokuta kilichotiwa nili ya kiwandani, kostiki soda na haidrosi (kemikali ya kuyeyushia nili) kisiitwe adire. Adire halisi ni majani ya elu, mmea wa nili: yanatwangwa, yanafinyangwa madonge, yanakaushwa juani, kisha yanachachushwa mtungini kwa maji ya majivu, siku kadhaa. Njia ya mkato iuzwe kwa jina lake. Mnasemaje?

Kibwebwe: Umeamkia vita vya 1936! Alake, mfalme wa Abeokuta, alishapiga marufuku hizo dawa, watia rangi wenyewe, akina mama, wakawa wa kwanza kumpinga.

Mtungi: Sababu ilikuwepo. Wanunuzi walilalamika vitambaa vinachujuka.

Kibwebwe: Mkuu, usiisingizie nili. Ya jani na ya kiwandani rangi ni moja. Ukikoroga maji mazito uchovye mara moja, rangi inakaa juu ya uzi tu, ukigusa inabaki vidoleni. Punguza ukali, chovya tena na tena, na kila ukitoa acha upepo ukigeuze kutoka kijani kuwa buluu ndipo urudishe. Na kostiki ikizidi inaharibu kitambaa, hilo nalo mnalisukumia nili.

Dada Batiki: Makelele yote haya, na adire yenyewe ni batiki yetu ya nta tu.

Mtungi: Batiki?! Dada, tuheshimiane. Aina ya adire iitwayo eleko ni ya uji wa muhogo uliopikwa na shabu au mrututu, unachorwa kwa unyoya wa kuku upande mmoja. Nta umeiona wapi hapo?

Dada Batiki: Kuzuia rangi ni kuzuia rangi.

Kibwebwe: Hapa namuunga mkono Mtungi, ingawa inaniuma. Nta inapenya hadi nyuma, uji haupenyi. Ndiyo maana eleko nyuma ni buluu tupu, na mbele michoro inabaki buluu hafifu, si nyeupe pepepe. Chapa za mashine zinazojaa sokoni Itoku, Abeokuta, zinaumbuliwa na weupe huohuo.

Dada Batiki: Haya, na uji ukilowa je? Si unayeyuka?

Mtungi: Kwenye maji ya moto, ndiyo. Ndiyo maana nili yao ni ya baridi. Uji ukauke kabisa kwanza, na kitambaa kikiwa ndani usikifikiche wala kukikunja, uji utapasuka na buluu itaingia kwenye nyufa.

Mgeni: Mbona hamsemi bati? Wanaume wanakata michoro kwenye bati, uji unapitishwa kwa kibao. Nayo si njia ya mkato?

Mtungi: Bati ni jambo jingine.

Kibwebwe: Jingine kivipi? Kazi ya unyoya ya siku nzima, bati inaimaliza mara moja. Mbona hiyo haikukuuma?

Mtungi: Bati halichujuki.

Kibwebwe: Hata nili haichujuki, nimekwambia CHOVYA TENA NA TENA!

Dada Batiki: Mkimaliza kugombana, huo uji unapikwa mzito kiasi gani?