Naomba ushauri: nampeleka baba kuonja mvinyo bonde la Mosel

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naishi Köln, Ujerumani. Mwezi wa 10 baba anakuja kunitembelea kutoka Dodoma. Mzee amelima zabibu Hombolo tangu sijazaliwa, ila hajawahi kuona shamba la mizabibu nje ya Tanzania. Nataka nimpeleke bonde la mto Mosel, majani yakiwa yamegeuka manjano na zabibu za Riesling zinavunwa. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, wao mara moja tu, na pale kijiji cha Bremm, bondeni humo, mashamba yamesimama kama ukuta, karibu nyuzi 65. Natamani sana kuuona uso wake akiyatazama.

Gari sitaendesha kwa kuwa nami nitaonja, tutapanda treni hadi Koblenz kisha Cochem.

Wenye uzoefu, nisaidieni. Magoti ya baba yanamsumbua: kuna wakulima wadogo wanaoonjesha kijijini, bila kupanda mlima? Niweke nafasi mapema kiasi gani, maana wakati wa mavuno familia nzima huwa shambani? Tukionja aina 5 au 6 tusinunue chupa, tutawavunjia heshima? Halafu mzee anatumia dawa za presha, ningependa aonje na kutema. Huku ni kawaida, lakini najua ataona aibu kutema mbele ya mwenyeji wake. Nyie wazazi wenu mliwaelezaje?

Na ule mvinyo mchanga, Federweisser, ambao bado unachacha na kizibo cha chupa yake hakikazwi, nitaufikishaje nyumbani kwa treni bila kumwagika?