Msanii akishatajirika, bado ana haki ya kuimba shida?

Wakuu, nimelileta hili tulijadili.

Juzi kwenye daladala redio ilipiga wimbo wa hip hop, jamaa anachana kuhusu kulala njaa na kudaiwa kodi ya chumba. Abiria mmoja akadakia: "Huyu si ndiye anatamba na magari mtandaoni? Shida gani anazijua?" Karibu gari zima likamuunga mkono. Nilishuka bila kujibu, ila limenikaa moyoni.

Msimamo wangu ni kwamba haki ya kuimba shida haitoki mfukoni. Mchukueni Remmy Ongala, mwanamuziki wa dansi. Alikuja Dar es Salaam kutoka Kongo, akawa sauti ya walalahoi. Mwaka 1989 albamu yake, ambayo jina lake lilimaanisha nyimbo za maskini, ikatolewa na Real World, kampuni ya rekodi ya Uingereza. Wimbo wa mnyonge wa Bongo ukauzwa Ulaya! Mbona hatukumwita mwongo? Aliendelea kuishi Sinza, akayapigia dansi masikio yale yale, na hadi leo konda anaita "Sinza kwa Remmy".

Manamba, wale vibarua wa mkataba waliokata mkonge Tanga na Morogoro, hawakuwa na swali hili. Aliyeanzisha wimbo na walioitikia wote walishika kipande cha aina moja, yaani kadi ya kazi: siku 30 za kazi zijae ndipo mtu alipwe. Mwimbaji hakuwa na pa kwenda kuuuza wimbo wake. Ni rekodi zilizoleta utengano huu, kwamba wimbo mmoja unamtoa mwimbaji mtaani na sisi tunabaki.

Sasa tazameni bungeni. Mwaka 2001 mwana hip hop Professor Jay, kwenye wimbo "Ndiyo Mzee", alimwigiza mgombea anayeahidi kila kitu huku umati ukiitikia. Mwaka 2015 akagombea mwenyewe ubunge wa Mikumi, akashinda. Mwana hip hop mwenzake Sugu, wa wimbo "Hali Halisi", alikuwa ametangulia mwaka 2010 kwa kiti cha Mbeya Mjini. Kuna wanaoona huko ni kuukimbia mtaa. Jamani, mtu aliyeimba miaka yote kwamba mtaa unaumia, akipata nafasi ya kusema pale bajeti inapopitishwa, akatae? Tunamdai msanii abaki fukara ndipo tumwamini. Daktari aliyekulia kwenye umaskini hatumdai hivyo.

Ninachokikataa mimi ni shida za jumla jumla: maisha magumu, nimetoka mbali, maadui wengi. Aliyepitia anakutajia unga ulipimwa robo ngapi, mama aliufunga wapi ule mfuko, mwenye nyumba aligonga saa ngapi na nani alitumwa kusema "baba hayupo". Huyo hata akihamia Masaki kwa matajiri namsikiliza, maana ameondoka na kumbukumbu kamili. Yule anayekuja uswahilini siku moja kupiga video, watoto wetu wakicheza nyuma yake kama mapambo, jioni kamera zikafungwa akaondoka, huyo ndiye anatuibia. Hapo yule abiria angekuwa na hoja, na ningemuunga mkono.

Basi nauliza: ni wimbo gani wa shida uliousikia ukasema "hapa nimesemwa mimi"? Utaje, utaje na mstari uliokushika, halafu utuambie kama ulijua mwimbaji alikuwa anaishi wapi wakati ule, na kama kujua kulibadilisha kitu.