Mwanamke hatari wa filamu noir: ametukanwa au amesingiziwa?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila zikitajwa filamu noir, yaani zile sinema za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940 na 1950, za nyeusi na nyeupe, vivuli ukutani na mwanamume mwenye kofia na sigara, ubishi ni ule ule. Kuna wanaosema zimemdhalilisha mwanamke kwa kumfanya nyoka anayemponza mwanamume mwema. Wengine wanasema hakuna sinema za enzi zile zilizompa mwanamke akili, tamaa na bastola yake mwenyewe kama hizi. Mimi naona pande zote mbili zinakubali ushahidi bila kuuliza shahidi ni nani.

Chukueni Double Indemnity ya Billy Wilder, 1944. Phyllis, aliyechezwa na Barbara Stanwyck, anashirikiana na wakala wa bima, Walter Neff, kumuua mume wake ili walipwe maradufu. Mtu akishaiona anatoka na picha ya kile kikuku mguuni kwa Phyllis anaposhuka ngazi, na hukumu yake imeshapita: huyu mama shetani. Sawa, si malaika. Lakini hadithi anaitoa nani? Neff mwenyewe. Ana risasi mwilini, kaketi ofisini usiku, anaongea kwenye mashine ya kurekodi sauti. Karibu kila tunachokijua kuhusu Phyllis kimetoka kwenye kinywa cha aliyeua.

Na huyu Neff hakurogwa. Anakiri mwenyewe kwamba siku nyingi alikuwa anawaza jinsi ya kuiibia kampuni yake. Anayejua kwamba kifo cha treni kinalipa mara mbili ni yeye, si Phyllis. Halafu tazameni mauaji yenyewe. Phyllis anaendesha gari, mume kakaa pembeni yake, Neff kajificha kiti cha nyuma. Neff anapomkaba mzee wa watu, kamera haionyeshi mikono yake wala uso wake. Inaganda usoni kwa Phyllis. Kaua mwanamume, tukakariri sura ya mwanamke!

Mfano wa pili ndio unaonikera zaidi. James M. Cain alitoa riwaya ya Mildred Pierce mwaka 1941. Humo hakuna mauaji. Kuna mama aliyeachana na mumewe, akawa mhudumu wa mgahawa, akauza mikate ya matunda aliyooka mwenyewe mpaka akamiliki migahawa yake, na binti yake Veda anamdharau kwa kunuka jikoni. Hollywood walipoigeuza filamu mwaka 1945 wakaongeza maiti. Inaanza kwa milio ya risasi, Mildred anapelekwa polisi, na maisha yake yote ya kazi tunayasikia kama maelezo ya mtu anayehojiwa. Joan Crawford alipata Oscar kwa nafasi hiyo, na alistahili. Ila jiulizeni kwa nini mwanamke aliyefanikiwa kibiashara mwaka ule, vita vinaisha na wanawake wanaondolewa viwandani kuwapisha wanaume waliorudi, ilibidi habari zake zisimuliwe kituoni. Mwishoni anatoka na mume wake wa kwanza, na mbele yao wanawake wawili wamepiga magoti wanasugua sakafu. Sidhani kama waliwekwa pale kwa bahati mbaya.

Hoja yangu ni hiyo. Karibuni, kwa hoja lakini, si matusi.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka jambo kubwa. Kuanzia 1934 studio za Hollywood zilikuwa chini ya kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali na Joseph Breen. Mhalifu hakuruhusiwa kufaidi uhalifu wake, awe Phyllis au Neff. Wilder alipiga hata sehemu ya Neff akiuawa kwa gesi gerezani, akaiondoa mwenyewe baadaye. Sasa uonevu kwa wanawake uko wapi hapo? Wote wamelipa. Ukitaka kulaumu, laumu waliokuwa wanakagua miswada.

Mleta mada

Kanuni inaeleza kwa nini wote wawili wafe. Haielezi kwa nini mmoja anapewa filamu nzima ya kujieleza na mwingine hapewi hata dakika tano. Phyllis anampiga Neff risasi moja, anashindwa kupiga ya pili, anasema hapo ndipo alipogundua anampenda. Neff anammaliza kwa risasi mbili. Kwa nini alishindwa? Tunabaki kukisia, kwa sababu msimulizi alishafunga mjadala kwa bastola.

Mchangiaji wa pili

Kaka, mimi ni mwanamke na filamu hizi nazipenda kufa, kwa hiyo nisiwekwe kambi ya wanaotaka zichomwe. Naongeza Laura. Riwaya ni ya Vera Caspary, mwanamke, ilitoka kitabu mwaka 1943, na ndani yake wasimulizi wanapokezana: Waldo, rafiki yake Laura, mpelelezi Mark, halafu Laura mwenyewe anapata sehemu yake. Filamu ya Otto Preminger ya 1944 ikaifuta sauti ya Laura kama msimulizi. Tunafunguliwa na sauti ya Waldo, na ndiye huyo huyo anayekuja kugundulika kuwa muuaji. Mpelelezi naye anapenda picha iliyotundikwa ukutani kabla hajamsikia mwenye picha akisema neno.

Ila nawalaumu nyote wawili kwa kitu kimoja. Mnagombania warembo tu. Katika Laura kuna mwanamke aliyekufa kweli, Diane Redfern, mwanamitindo. Kapigwa risasi ya usoni kwa kudhaniwa ni Laura. Laura akirudi hai, watu wanashangilia na Diane anasahaulika. Wasomi wamejaza makabati kuhusu mwanamke hatari, huyu asiye hatari hata uso hatuonyeshwi. Nikiulizwa dharau iko wapi, nitaanzia hapo.

Mchangiaji wa tatu

Mbona tunaenda mpaka Marekani? Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971, Rosa aliishia wapi? Alijiua. Waandishi kote wanamuua mwanamke aliyetoka kwenye mstari.

Mchangiaji wa pili

Rosa anakufa, lakini Kezilahabi anamweka baba yake, Zakaria, mlevi na mkali, palepale mbele ya msomaji. Ukimaliza kitabu unajua ukali wa nyumbani ulifanya nini. Phyllis hana Zakaria wake. Hatuambiwi nini kilimfanya awe vile. Si kesi moja.

Mchangiaji wa nne

Mimi nampinga mleta mada kidogo. Anafanya ionekane kila kitabu kikienda Hollywood mwanamke anapoteza. In a Lonely Place inakataa. Riwaya ni ya Dorothy B. Hughes, 1947. Dix ni muuaji wa wanawake, msomaji anakaa kichwani mwake, na wanaomgundua mapema ni wanawake wawili, Laurel, mpenzi wake, na Sylvia, mke wa polisi. Nicholas Ray alipoifanya filamu mwaka 1950, akamweka Humphrey Bogart na kumfanya Dix asiwe na hatia ya mauaji anayoshukiwa. Kwa hesabu ya mleta mada hapo mwanamume kapewa upendeleo, Laurel sasa anaonekana mwoga aliyemshuku mpenzi wake bure.

Lakini itazameni mpaka mwisho. Dix ni mkali, anapiga watu barabarani, na Laurel, aliyechezwa na Gloria Grahame, hapati usingizi. Simu inalia, polisi wanasema Dix hahusiki. Muda mfupi kabla ya hapo mikono yake ilikuwa shingoni kwa Laurel. Kwa hiyo kutohusika na kifo kile hakumfanyi kuwa salama kuishi naye. Filamu inamwamini mwanamke bila kumpa maiti kama ushahidi. Mimi naona hiyo ni hatua kubwa kuliko bastola ya Phyllis.

Mleta mada

Hapo umenipa kazi, na Laurel nakuachia. Lakini turudi kwa Gilda, 1946, kabla hujasherehekea. Rita Hayworth, anayecheza Gilda, anavua glavu moja, anaimba wimbo unaomlaumu mwanamke mmoja kwa moto wa Chicago na tetemeko la San Francisco. Wimbo wenyewe unacheka tabia hiyo ya kulaumu, na mtayarishaji wa filamu alikuwa mwanamke, Virginia Van Upp. Msimulizi ni Johnny, mpenzi wake wa zamani, anayemwoa Gilda ili amkomoe na kumfungia. Baadaye polisi anamwambia Johnny waziwazi kwamba yote aliyomshuku nayo Gilda hakuyafanya. Na bado Johnny anaondoka naye kama mpenzi. Wewe unayesema filamu zinamwamini mwanamke, hapo nani ameaminiwa, na Johnny amelipa nini?