Mtoto akieleza jambo baada ya somo, tumpeleke wapi?

Mjitoleaji, Wete:
Assalamu alaykum. Sisi ni vijana wa kujitolea katika shehia moja ya Wilaya ya Wete, na kwa ruhusa ya mwalimu mkuu huingia skuli kuzungumza na wanafunzi juu ya kujikinga na udhalilishaji wa kijinsia. Somo lenyewe halitupi tabu. Tabu huja pale mtoto anapobaki nyuma, wenzake wameshatoka, akamtaja jamaa wa nyumbani kwao. Je, tuanze kwa wazee wake?

Mstaafu wa ustawi wa jamii:
Waalaykumu salaam, wanangu. Msianzie nyumbani, hasa ikiwa anayetajwa ni wa humo humo, kwa sababu muhali utatangulia, kikao cha ukoo kitakaa, na mtoto atapelekwa shamba kwa bibi yake kabla hajaonwa na daktari. Mfikisheni kwa ofisa ustawi wa jamii au katika kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Chake Chake, ambako daktari, polisi na mshauri nasaha hupatikana pahala pamoja. Kama tukio ni la karibuni msikawie: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na nguo alizovaa zisifuliwe. Simu ya 116, ya msaada kwa watoto, nayo hupigwa bila malipo.

Mwalimu, Unguja:
Naongeza kwamba msimhoji. Msikilizeni, mwambieni hana kosa, andikeni maneno yake kama alivyoyasema, basi. Mtoto aliyeulizwa na watu watano hubadilisha maelezo kwa kuchoka tu, na mahakamani huonekana muongo. Wala msimuahidi kuwa mtaificha siri hiyo, maana hamtaweza. Nina shaka pia na masomo yanayomfunza mtoto kukataa na kupiga kelele, kana kwamba ulinzi ni kazi yake, ilhali mara nyingi anayemdhuru ni mtu anayemwamini. Waiteni wazee na walimu wa madrasa kabla ya kuingia darasani.

Mjitoleaji, Wete:
Ahsanteni sana. Na sheha je?

Mstaafu wa ustawi wa jamii:
Sheha ajue mpango wenu tangu mwanzo, na atawafaa sana kuwakusanya wazee. Jina la mtoto, hata hivyo, liishie kwa wale wanaoshughulikia kesi, na lisiandikwe kabisa katika kundi lenu la WhatsApp.