Mdogo wangu anasikia sauti, hospitali wanasema skizofrenia, nyumbani wanasema kachezewa. Tushike lipi?

Mtu_wa_Kirumba
Wakuu habari za muda huu. Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka ishirini na kidogo, alikuwa anapakia dagaa pale Mwaloni, kijana mchapakazi hana makuu na mtu. Mwaka jana akaanza kujitenga, haogi, ukimsemesha anajibu neno moja, sisi tukajua ni mapenzi au maisha yamembana. Afu ikaja kubwa, akaanza kusema zile namba zilizopakwa ubavuni mwa mitumbwi zinamhusu yeye, kuna watu wanapeana taarifa zake kupitia namba, akawa anazinakili kwenye daftari mpaka likajaa. Usiku anajibizana na watu ambao sisi hatuwaoni, na dirisha kaliziba na salfeti. Tukampeleka hospitali (jina naliacha) wakasema skizofrenia wakamchoma sindano tukarudi naye home. Kesho yake shingo ikapinda upande, macho yakaganda yanaangalia juu, ulimi unatoka wenyewe. Baba mkubwa akasema si mmeona, majini yamekasirika kuchomwa sindano, sasa wanataka apelekwe kwa mganga Sengerema. Hii skizofrenia ni kitu gani haswa, na ile shingo ilikuwa nini? Vidonge kagoma kabisa.

Sista_Nyegezi
Pole sana kaka. Mimi ni muuguzi, wodi ya akili nimekaa sana, ngoja nianze na shingo maana hapo ndo familia nyingi zinapotea. Yale sio majini, ni dawa. Sindano kama haloperidol na ndugu zake zinapunguza nguvu ya dopamini, yaani kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo. Kwa mwenye skizofrenia dopamini inazidi kazi sehemu fulani, ndo maana kitu cha kawaida tu kama namba ya mtumbwi kinaanza kumwonekea kina ujumbe mzito. Dawa inatuliza hapo, ila dopamini hiyohiyo ndo inasaidia kuongoza misuli, kwa hiyo siku za mwanzo misuli inaweza kukaza ghafla shingoni, machoni, kwenye ulimi, na vijana wa kiume ndo inawapata zaidi. Inatibika chapchap, kuna sindano na kuna vidonge vya benzhexol, muda mfupi tu shingo inarudi. Mlitakiwa muambiwe mapema kabla hamjaondoka, nakereka kweli nikisikia watu wameachwa hivyo. Ikijirudia mkimbizeni saa hiyohiyo maana ikishika koo ni hatari.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, sauti na dhana za kufuatiliwa ndo watu wanaziona, ila kule kujitenga na kuacha kuoga nako ni ugonjwa, sio uvivu wala kiburi, na bahati mbaya dawa zinasaidia kidogo sana upande huo. Na daktari mzuri hakurupuki kuita skizofrenia, kwanza anapima malaria, kaswende, VVU, anauliza kifafa, anauliza bangi.

Ngosha_wa_Magu
Sista na elimu yako nakuheshimu lkn baba yangu mdogo alimeza hivyo vidonge miaka akabaki kama zezeta, mganga mmoja wa Geita akamfanyia dawa akaamka. Hayo mambo ya dopamini wazungu wenyewe wanabahatisha.

Sista_Nyegezi
Ngosha, sikatai kwamba aliamka. Huu ugonjwa unapanda na kushuka, na WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema angalau mtu 1 kati ya 3 anaweza kupona kabisa. Mganga akimkuta wakati ugonjwa unashuka sifa zote zinakuwa zake. Na ule uzezeta mara nyingi ni dozi imezidi au dawa haimfai, hapo unarudi ibadilishwe, zipo nyingi. Wazee wakitaka dua au maombi sigombani nao, ila asifungwe kamba, asinyimwe chakula, na dawa isikatwe.

Bint_Ukerewe
Mimi ninao huu ugonjwa naomba niseme kidogo. Sauti yangu ni ya mwanaume, inatangaza kila ninachofanya, "sasa anaosha sufuria, sasa anamimina maji, haoni aibu", kutwa nzima kama mtangazaji wa mpira, na inatoka nje kabisa nyuma ya sikio, sio mawazo, kwa hiyo mtu akiniambia hakuna kitu unajisikia tu namuona yeye ndo muongo. Mama yangu alikuwa anabishana na mimi tunalia wote. Dada akawa anasema "mimi siisikii hiyo sauti ila naona inakutesa, tule kwanza", basi na mimi nakula. Usimbishie mdogo wako kuhusu namba, na usimkubalie pia. Vidonge nilikuwa naficha chini ya ulimi nikatema, siku hizi nachoma sindano ya mwezi, hamna ugomvi wa kila jioni. Nimenenepa hilo sipendi, ila nauza vitenge vyangu.

Mtu_wa_Kirumba
Dah dada asante sana, hiyo ya kula kwanza nimeichukua. Swali lingine sista, tuko wengi kwetu, inarithiwa? Na ukweli bangi alikuwa anavuta, kule kazini wanavuta wengi.

Sista_Nyegezi
Inatembea kwenye ukoo ila sio hukumu. Kwa watu wote kwa ujumla ni chini kidogo ya 1 kati ya 100, ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye nao inafika kama 10 kati ya 100, na mapacha wa kufanana mmoja akiugua mwingine hafiki hata nusu kwa nusu, kwa hiyo damu peke yake haitoshi. Bangi inachochea, hasa kwa aliyeanza mdogo, na ukivuta huku unameza dawa ugonjwa unarudi, hiyo mwambieni siku ametulia sio siku amechafukwa.

Na msifikirie mpaka hospitali ya akili ya Mirembe Dodoma, hapahapa mjini Mwanza hospitali ya Bugando kuna idara ya magonjwa ya akili. Nendeni asubuhi mbebe cheti cha kule mwanzo, mtaje jina la sindano na yaliyotokea shingoni, na aje yule anayelala naye chumba kimoja, maana mgonjwa mwenyewe atamwambia daktari yuko mzima.

Mtu_wa_Kirumba
Anayelala naye ni mimi. Jumatatu naomba ruhusa kazini.